Mjusi wa Kijani na Simu ya Mume Wangu

  Mwezi huu nataka nikusimulie kisa changu mwenyewe. Nilisita kukiandika, maana ukurasa huu huwa nautumia kuwashauri wengine, na safari hii mwenye kuhitaji ushauri nilikuwa mimi.

Kisa kina watu wawili, simu moja na mjusi. Usicheke. Endelea kusoma.

Tulikwenda Pemba kusherehekea miaka minane ya ndoa. Watu wengi wa Dar wakisema wanakwenda Zanzibar wana maana ya Unguja: Mji Mkongwe, Nungwi, muziki mpaka usiku wa manane. Mimi niling'ang'ania Pemba. Mume wangu nilimwambia nataka kunusa karafuu na kupumzika. Ukweli ni kwamba nilitaka mahali pasipo na marafiki zake wala mpira kwenye TV, nimkalishe kitako nimuulize swali moja tu.

Kwa miezi saba simu yake ilikuwa imenikosesha raha. Alibadilisha namba ya siri. Usiku nikigeuka kitandani, upande wake umepoa, na mwanga wa simu unaonekana kwa chini ya mlango wa sebuleni. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Hamna kitu, lala." Sasa mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu na nimehariri barua za wasomaji kwa miaka. Barua yenye maneno "simu" na "usiku" katika sentensi moja najua inaishia wapi. Wewe ungefikiria nini?

Siku ya pili, saa moja asubuhi, akanyata kutoka chumbani. Hoteli yetu ilikuwa ndogo, upande wa kaskazini, si mbali na msitu wa Ngezi. Nikajifunga kanga, nikamfuata. Akapita jikoni, akazunguka tangi la maji, akaingia kwenye shamba la migomba nyuma ya hoteli. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, simu mkononi, ananong'ona: "Tulia hapo hapo, mrembo. Tulia."

Jamani, damu iliniganda. Nikakohoa kikohozi kile cha mke.

Akageuka, kidole mdomoni. "Shhh! Mama watoto, usimtishe."

Mrembo mwenyewe

Mrembo alikuwa kwenye shina la mgomba, anaota jua, kichwa chini mkia juu. Mjusi. Lakini si wale wa kijivu wa ukutani kwetu. Huyu alikuwa wa kijani kibichi kutoka puani mpaka mkiani, kama jani la mgomba lililoota miguu. Alitutazama kwa jicho lisilopepesa, kisha akatoa ulimi akalilamba lile jicho, taratibu, kama mtu anayefuta miwani. Mijusi wa ukoo huu hawana kope za kufunga na kufungua, kwa hiyo ulimi ndio kitambaa chao.

"Unajua huyu hayupo mahali pengine popote duniani?" mume wangu akaniambia. "Pemba tu."

Nikadhani ananichota akili. Niliporudi Dar nilihakikisha, maana mhariri ni mhariri, na ni kweli. Kwa kitaalamu anaitwa Phelsuma parkeri. Aliandikwa rasmi mwaka 1941 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Jina la Parker ni la mtaalamu mwenzake wa makumbusho ya London. Mwaka huo huo Loveridge aliandika mjusi mwingine mdogo wa Pemba na kumpa jina la Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye kazi za ofisini hazikumzuia kuhesabu mijusi. Pakenham alikuja kuchapisha orodha ya reptilia na amfibia wa Unguja na Pemba mwaka 1983.

Kwa nini Pemba tu? Angalia bahari. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na zama za barafu, maji ya bahari yalipopungua, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mnyama aliweza kutembea tu. Kati ya Pemba na bara kuna kina cha mamia ya mita, kwa hiyo Pemba ilibaki peke yake kwa muda mrefu sana, na walioishi humo wakawa na sura yao. Jamaa wengi wa huyu mjusi wa kijani wako Madagaska, Komoro, Shelisheli na Morisi.

Mzee mwenye shamba alitukuta pale tumeinama kama watu waliopoteza pete. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu," akasema, akatazama tunachotazama, akatabasamu. "Huyu twamjua tangu utoto. Hana madhara. Hupenda utamu wa maua ya mgomba." Nikafikiri moyoni: vitabu vinasema huyu mjusi "aligunduliwa" 1941, na mzee huyu babu yake alikuwa akimfukuza kwenye ndizi. Kinachobadilika siku ya kuandikwa ni kwamba hata asiyewahi kufika Pemba anaweza kujua yupo, na anaweza kuuliza siku akitoweka.

Jioni umeme ulipokatika

Usiku ule umeme ulikatika, na mume wangu aliongea kuliko alivyoongea miezi saba yote. Alianza na Madagaska.

Kuna kinyonga mmoja huko anayeitwa kwa jina la Voeltzkow, yule mtafiti wa Kijerumani ambaye popo wakubwa wa Pemba nao wana jina lake kwenye vitabu vya sayansi. Kinyonga huyo aliandikwa mwaka 1893, akaonekana mara ya mwisho mwaka 1913, kisha kimya. Zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2018 watafiti wakaenda kumtafuta kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Unajua walimkuta wapi? Kwenye bustani ya hoteli! Bustani iliyoachwa ikaota vichaka. 

Na hapa wanaume wasikilize vizuri. Miaka yote hiyo, rangi za jike akiwa hai zilikuwa hazijawahi kuandikwa na mtu. Dume anajulikana, jike hajulikani. Walipompata ndipo wakaona kwamba akiwa na mimba, au akikutana na dume, au akiwa na mfadhaiko, anawaka rangi kali kali za kupendeza. Mume wangu aliponisimulia hili nilimwambia, "Kwa hiyo ilichukua miaka mia moja na kitu mtu kuona kwamba jike ana mfadhaiko?" Akacheka mpaka akakohoa. Wataalamu wanaamini vinyonga hao wanaishi miezi michache tu ya mvua: wanaanguliwa, wanakua, wanapandana, wanakufa. Ukija kiangazi utaapa kwamba hawapo.

Kisha akanipa wa pili, mdogo ajabu: Brookesia nana, kinyonga wa milima ya kaskazini mwa Madagaska. Mwili wa dume ni milimita 13.5, na ukiongeza mkia, 21.6. Taarifa iliyomtangaza mwaka 2021 ilitegemea vinyonga wawili tu, dume mmoja na jike mmoja, waliopatikana mwaka 2012. Miaka tisa kati ya kuonekana na kupewa jina! Wataalamu hawakurupuki. Mnyama anapimwa, analinganishwa na jamaa zake waliohifadhiwa makumbusho, vinasaba vinachunguzwa, halafu ndipo wanaandika.

Wa tatu ni chura wa Shelisheli, Sechellophryne gardineri, mwenye urefu wa sentimita moja hivi. Hana sikio la kati, sehemu ile inayopeleka sauti ndani ya kichwa, na kwa hiyo ilidhaniwa ni kiziwi. Lakini mbona analia, na wenzake wanajibu? Mwaka 2013 watafiti walithibitisha kwamba uwazi wa mdomo wake ndio unaopokea sauti na kuifikisha ndani. Anasikia kwa mdomo.

"Kuna watu nawajua," nikamwambia, "wanasikia kwa mdomo pia. Tatizo ni kwamba hawaufungi."

Tulicheka tena. Nikaona sasa ni wakati. Nikamuuliza swali langu.

Daftari

Hakukasirika. Alifungua begi akatoa daftari la shule, lile la kurasa mia na jedwali la kuzidisha nyuma, akaniwashia tochi ya simu. Kisha akanipa na simu yenyewe, ikiwa wazi. Picha mia mbili na zaidi. Mijusi. Mijusi wa ukuta wa jikoni kwetu, wa kwenye taa ya uani, vyura wa kwenye mtaro wa jirani. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, ila mimi kwenye picha mbili, nimelala mdomo wazi. Nimemwambia azifute.

"Sasa kwa nini unificha?"

Akanikumbusha. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mjusi kafiri aliingia chumbani kwetu. Nilipiga yowe, nikashika ufagio. Yeye akasema, "Mwache, anakula mbu." Mimi, mbele ya wadogo zangu waliokuja kututembelea, nikajibu: "Nimeolewa na mwanaume au na mlezi wa mijusi?" Watu wakacheka. Mjusi nikamuua. Mimi nilisahau siku ile ile. Yeye hakusahau.

Nikafungua daftari kwa aibu. Kila mstari una kitu kile kile: mahali, tarehe, saa, mnyama gani, anafanya nini, hali ya hewa. Nakumbuka mmoja: "Ukuta wa jikoni, juu ya friji. Saa 8:20 usiku. Mjusi kafiri mmoja, mkia mpya unaota. Anawinda kumbikumbi. Mvua imetoka kunyesha."

Nikageuza ukurasa. Saa 9:05 usiku. Saa 7:50 usiku. Saa 9:40. Saa 8:00. Ukurasa baada ya ukurasa, miezi saba. Mijusi ile ile, saa zile zile. Ndipo nikaacha kuwatazama mijusi nikaanza kutazama saa.

"Wewe ulikuwa hulali," nikasema.

Akakaa kimya kidogo. "Tangu mzee afariki."

Baba mkwe wangu alifariki miezi saba kabla ya safari ile. Tulizika, tukafanya arobaini, tukarudi kazini. Nilimwona mume wangu halii, nikawaambia watu ana moyo mgumu, kama sifa vile. Nilichokuwa sijui, miaka minane ndani ya ndoa, ni kwamba mzee alikuwa na desturi: kila likizo ya shule alimnunulia mwanawe daftari jipya aandike kila mnyama anayemwona nyuma ya nyumba, na jioni wanakaa kibarazani wanasoma pamoja. Mahali, tarehe, saa. "Bila tarehe ni hadithi tu," mzee alikuwa akimwambia. Baada ya mazishi, mume wangu alipita dukani akanunua daftari.

Msomaji wangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu. Hili halikuwemo kwenye orodha yangu. Nilikuwa nahesabu mara ngapi anashika simu, na nisihesabu ni usiku mara ngapi mtu wangu anakaa macho peke yake, mita kumi kutoka nilipolala. Sikutoa ushauri wowote. Nilizima tochi, nikamwambia anisimulie habari za baba yake.

Kobe wa Changuu

Tuliporudi tulipitia Unguja, tukavuka kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa. Nilishawaona zamani, nikapiga nao picha kama kila mtu. Safari hii nilisoma hesabu zao. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alituma Zanzibar kobe wanne kutoka ukoo wa Aldabra kama zawadi. Walizaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa 200. Kisha wezi wakaanza kuwachukua, wengine kwa kuuza nje, wengine kwa kitoweo. Mwaka 1988 walibaki 100, mwaka 1990 wakabaki 50, na mwaka 1996 wakabaki saba. Saba! Mwaka huo vikaletwa vitoto 80 kuongeza idadi, na 40 kati yao navyo vikapotea. Ndipo likajengwa eneo la kuwalinda.

Leo ukienda utawakuta wengi tena, na umri wa kobe wameuandika kwa rangi kwenye gamba. Nilisimama pale nikafikiri: mtu aliyeandika 200, halafu 100, halafu 50, ndiye aliyewaokoa hao saba. Kama hakuna aliyehesabu, mtu angepita siku moja akasema, "Hapa si palikuwa na kobe?" na maisha yangeendelea.

Mkitaka kujaribu wawili

Najua mwezi ujao baadhi yenu mna fungate, au likizo ya visiwani. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kumfuata mume wangu migombani:

1. Andikeni hapo hapo. Mahali, tarehe, saa, mnyama alikuwa juu ya nini, anafanya nini. Picha moja ya ubavu na moja ya kichwa. Usisubiri urudi hotelini, kumbukumbu ina tabia ya kupamba. Kuna programu ya simu ya iNaturalist, mtandao ambao umekuwepo tangu mwaka 2008: unaweka picha yako, na watu wanaojua wanakusaidia kutambua. Kwa wanyama walio hatarini inaficha mahali hasa, wawindaji wasifike.

2. Msimshike. Chura anapitisha vitu kwenye ngozi, na mikono yetu ina losheni, manukato na dawa ya mbu. Mjusi ukimkamata mkia anakuachia. Na nyoka mtazameni kwa mbali, hata kama mwenzio anasema anamjua.

3. Safisheni viatu kabla ya kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Kuna ugonjwa wa ukungu ambao umeangamiza vyura sehemu nyingi duniani, na tope la kiatu linaweza kuubeba.

4. Jiwe au gogo mkiligeuza, lirudisheni lilivyokuwa. Hiyo ni paa la nyumba ya mtu.

5. Ombeni ruhusa, na muulizeni mwenye shamba. Anajua kuliko kitabu, na anajua wapi msiende.

6. Msibebe "zawadi" hai. Mijusi wa ukoo wa yule wa kijani wa Pemba wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Sheria haijali kwamba alikuwa wa kupendeza.

Na kama huna nauli ya boti mwezi huu, ukuta wa jikoni unatosha. Sisi tunaendelea na wetu. Daftari sasa lina miandiko miwili: wake mdogo na ulionyooka, wangu wa haraka haraka. Juzi niliandika: "Saa 8:15 usiku. Mijusi kafiri wawili, mmoja mkubwa mmoja mtoto. Hakuna mvua. Mume wangu yuko macho, nimempikia chai." Wiki hii kuna siku tatu hazina kitu, kwa sababu wote wawili tulilala.

Ufagio nimeuhamishia stoo.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.